Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Niliondoka Ngara asubuhi moja ya Jumanne nikiwa na mfuko mmoja wa nailoni, na mtu angeniuliza naenda wapi ningemwambia nitajua nikifika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefanya kazi miezi mitano katika duka la jumla la beseni na ndoo, nikilala stoo katikati ya mirundo ya plastiki, na siku hiyo niliamka nikaona sina jambo jipya la kujua kuhusu beseni. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu tangu nilipoacha shule kidato cha pili: mahali popote nilipomaliza kuuliza maswali, miguu ilianza kuniwasha. Nikapita katikati ya jiji wenye maduka wakivuta milango ya chuma juu, nikaendelea kuelekea magharibi kwa sababu tu jua lilikuwa mgongoni na sikutaka linipige usoni. Saa nane hivi nilikuwa Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, nimesimama mbele ya geti la hospitali ndogo nikitazama mwanamke aliyevaa sare ya usafi akimtupia muuguzi aproni yake na kuondoka bila kuangalia nyuma. Muuguzi, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniona.

"Wewe unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu."

"Basi umesimama hapo kama mlingoti wa stima kwa nini?"

"Naangalia."

Akanipima kutoka juu hadi chini. "Unajua kupiga deki?"

"Najua."

"Kila mtu anajua mpaka aone damu. Kuja."

Naandika haya kwa sababu wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu nikaambiwa Senge amefariki. Hakuwa senge wangu. Kwa Wabukusu senge ni shangazi, dada ya baba, na mimi ni Mumbua, mtu wa upande mwingine kabisa wa nchi. Lakini kwa jina hilo nilimwita mpaka mwisho na yeye akaitika. Nilipoweka simu chini nilijikuta nahesabu nyumba zote nilizowahi kulala, na nikashindwa kukumbuka hata rangi ya milango ya nyingi. Mwaka ule wa Riruta naukumbuka wote. Nakumbuka hata harufu ya sabuni.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha watoto wachanga wagonjwa. Kilikuwa chumba kidogo chenye joto kama tumbo la mkate, vitanda sita vya kioo, na sinki kubwa mlangoni. Muuguzi yule aliitwa Sista Wairimu, mzaliwa wa Dagoretti, na neno la kwanza aliloniambia ndani ni kwamba hapa hakuna mkubwa kuliko sabuni. "Daktari mwenyewe nimemrudisha kwa sinki mara mbili. Wewe ni nani?" Nikajifunza kuosha mikono hadi kiwiko, kukamua tambara langu katika ndoo ya dawa, kupita kati ya vitanda bila kuvigusa. Na nikajifunza kusikiliza. Kila asubuhi wauguzi wa usiku walipokabidhi zamu kwa wa mchana, walisimama na vikombe vya chai mkononi nje ya mlango, na mimi nikadekia kipande kile kile cha korido mpaka kikang'aa. Swali la Sista lilikuwa moja kila siku: "Nani amebadilika?" Hakuuliza nani amelia, wala nani amesumbua.

Siku moja sikuweza kuvumilia. Mtoto mmoja alikuwa anapiga kelele mpaka uso umekuwa mwekundu, na Sista amempita kama hamuoni, akaenda kuinama juu ya mwingine aliyelala kimya kabisa. Nikamuuliza mbona hamkimbilii anayelia.

"Wewe na maswali! Ungekaa shule." Kisha akasema bila kugeuka, "Huyo ako na nguvu ya kutupigia kelele. Mimi naogopa huyu. Jana alikuwa analia kama yule, leo amekuwa mpole. Kuja uone." Akapiga wayo wa mtoto kwa ncha ya kidole, pa, kama mtu anayeondoa chembe ya mkate mezani. Mtoto akakunja uso kidogo, basi. "Umeona? Angekuwa mzima angenitukana. Sasa sikiliza akipumua." Nikasikia mguno mdogo kila alipotoa pumzi. "Kama mtu amebeba gunia, si ndiyo? Viini vimeingia kwa damu. Mtu mzima angepata homa atetemeke, aite watu. Mtoto wa siku tatu hajui kuita. Anaacha kunyonya, anapoa miguu, ananyamaza, na watu wanasema ana adabu." Kutoka siku hiyo wauguzi wakaanza kuniita Maswali, na sikuona ubaya wake.

Mtoto yule alikufa kesho yake jioni. Nilidekia chini ya kitanda chake, na mama yake alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha kunyonyeshea, ameshika kikombe cha maziwa aliyokuwa amejikamulia. Sijawahi kupata la kusema kuhusu kikombe kile.

Nilikuwa nakaa Kabiria na Nekesa, aliyefua shuka za hospitali. Alikuwa mjamzito, mume wake Wafula alikuwa fundi wa mawe kwenye mjengo huko Naivasha na alirudi mwisho wa mwezi tu, na chumba chake cha mabati kilikuwa na nafasi upande wa pili wa pazia. Nyuma ya ukuta mwenye ploti alifuga ng'ombe watatu; tulisikia wakicheua tukila. Nekesa alipika mrenda, mboga iliyoteleza mpaka mimi, ambaye sikuwa nimeizoea, nikajifunza kuikata na ugali haraka kabla haijarudi sahanini. "Unakula kama mtu anavua samaki," alikuwa akiniambia. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alicheka kwa pua, na alificha maumivu kama wengine wanavyoficha peremende.

Jumatatu moja, kwenye karo la kufulia, niliona sketi yake imelowa nyuma. Nikamwambia. Akasema ni maji ya sabuni, akaendelea kusugua. Katika mwaka mzima wa kuuliza kila mtu kila kitu, hiyo ndiyo mara moja ambayo sikuuliza la pili. Alijifungua Jumatano mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Hakumwambia mkunga lolote kuhusu Jumatatu, na Alhamisi wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Ijumaa akaja Senge kutoka Kangemi. Alikuwa shangazi ya Wafula, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongozea kwaya, na aliingia ploti yetu akiwa na kuku hai chini ya kwapa na unga kilo nne kichwani. Aliniangalia mara moja tu. "Na huyu?"

"Huyu ni Mumbua, Senge. Tunakaa naye. Anapiga deki hospitali."

"Sawa. Shika kuku."

Usiku ule mtoto alilia kidogo, na Jumamosi akalia sana. Kilikuwa kilio chembamba, cha juu, kisichopumzika, na ziwa akilishika anaachia. Majirani wakapita mlangoni wakitoa ushauri. Senge hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anangojea hicho kilio. Kwao mtoto akilia hivyo anadai jina. Kuna mtu wa ukoo aliyekwenda mbele anayetaka kukumbukwa, na kazi ya wazee ni kuwataja mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze kwa aliye wake. Senge akaketi kitandani, akampakata, akaanza kuwaita polepole kama mtu anayebisha milango. Akamtaja babu. Mtoto akalia. Akamtaja dada ya babu, akalia. Mjomba aliyekufa vitani, dada mdogo aliyekufa kwa surua. Nilikuwa nimesimama kando ya pazia na nywele zimenisimama, kwa sababu hakuna shule ambayo ingenifundisha kitu kama hicho, orodha ya watu waliosahauliwa na kila mtu ila mwanamke mmoja.

"Namalwa," akasema Senge.

Mtoto akavuta pumzi, akanyamaza.

Namalwa alikuwa mama mzazi wa Senge. Sasa akalia yeye, akicheka, akamfuta mtoto machozi na machozi yake mwenyewe. "Umekuja, mama. Umetembea mbali." Kuku akachinjwa. Tulikula wali, majirani wanne wakabanana kwenye kitanda kimoja, na kila mtu akamsifu Namalwa aliyelala tuli katikati ya kelele zetu zote. "Huyu atakuwa mtoto wa heshima," akasema jirani mmoja, "wa kwangu alinikosesha usingizi miezi mitatu." Nami nikala mguu wa kuku na nikamsifu pia. Ni lazima niandike hilo. Nilikuwa nimeambiwa kwa lugha nyepesi kabisa, nikaonyeshwa kwa kidole, na bado niliketi pale nikafurahi na wenzangu, kwa sababu furaha ile ilikuwa nzuri na nilikuwa nimealikwa ndani yake.

Jumapili asubuhi niliamka nikasikia ng'ombe wakicheua, na chini ya sauti hiyo nikasikia nyingine. Mguno. Mdogo, kila baada ya pumzi.

Nikavuta pazia. Nekesa alikuwa amekaa, ziwa nje, mtoto mapajani. "Amelala vizuri sana," akasema, lakini alisema kama mtu anayeuliza. "Tangu jana hajashika. Senge anasema ameshiba furaha."

Nikaenda sinki ambayo haikuwepo; yaani mikono yangu ilitafuta maji kwanza, nikanawa kwa jagi. Nikamshika miguu. Ilikuwa baridi. Nikampiga wayo kwa ncha ya kidole.

"Unampiga mtoto?" Senge alikuwa mlangoni na sufuria ya uji.

"Senge, huyu mtoto ni mgonjwa."

"Nani amekwambia?"

"Amenyamaza vibaya."

Sijui kama kuna sentensi nyingine ningeweza kuchagua. Ile ndiyo iliyotoka. Akaweka sufuria chini taratibu. "Wewe msichana. Jana ulikuwa hapa. Ulisikia kwa masikio yako. Mama yangu amerudi, ametulia, na wewe na ndoo yako ya deki unaniambia ametulia vibaya? Unataka kusema mama yangu ameleta ugonjwa kwa hii nyumba?"

"Sisemi hivyo."

"Unasema nini?"

"Nasema sista angemuona sasa hivi angekimbia."

"Sista ako na mama yake. Akimbie kwa huyo."

Nekesa alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, na nilijua kwamba hawezi kumvuka Senge. Mke wa ndoa ya miaka miwili hamvuki shangazi wa mume. Nilijua pia kwamba nikitoka pale kwenda kumwita Sista, nikirudi nitakuta mlango umefungwa. Basi nikafanya kitu ninachokifanya hata leo nikikosa la kufanya, nikauliza swali. "Senge, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Alinishangaa. "Namna gani vipi?"

"Alikuwa mkimya?"

"Mkimya? Mama?" Akacheka kwa hasira. "Mama alikuwa anagombana na jogoo."

"Alikuwa anapenda kula?"

Alikaa kando ya Nekesa, akamkamua ziwa kama mtu asiye na aibu ya mwili wa mtu mwingine, akadondosha maziwa juu ya midomo ya mtoto. "Namalwa," akaita. "Mama. Kula." Maziwa yakakaa pale, kisha yakateremka pembeni mwa mdomo mpaka sikioni. Akadondosha tena. Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Tukasikia mguno.

"Mama hakukataa chakula hata siku aliyokufa," akasema Senge. Alikuwa tayari amesimama. "Nekesa, vaa viatu."

Tulikwenda kwa miguu kwa sababu miguu ndiyo iliyokuwa tayari. Nilimwambia Nekesa amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya blauzi, na shuka juu, jinsi nilivyoona wauguzi wakifanya wasipokuwa na mashine ya joto ya kutosha. Ilikuwa saa ya kanisa. Njia nzima kutoka Kabiria ilijaa watu wenye suti na Biblia, na kila kona hema na vipaza sauti, na Senge alitangulia akiwapasua kwa mikono miwili. "Toeni njia! Mungu atangoja!" Mama mmoja alikasirika akamwambia hana adabu. "Sina," akajibu bila kusimama.

Sista Wairimu alikuwa zamu. "Maswali, leo ni siku yako ya kupumzika, mbona..." Kisha akaona blauzi ya Nekesa, na sentensi haikuisha. Alimchukua mtoto, akamsikiliza kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini hivi, akaita daktari kwa jina bila cheo. Mishipa ya mikono ilikataa sindano, ikabidi wanyoe kidogo juu ya sikio watafute mshipa wa kichwani. Senge alikuwa dirishani. Niliona uso wake, nikaelewa: nywele za kwanza kwao hazinyolewi ovyo wala hazitupwi. Nikamnong'onezea Sista. Nilidhani atanifukuza. Alisimama na wembe mkononi, akatazama dirisha, akanyoa kishungi, akakiweka kwenye pamba safi, akaikunja na kunipa. "Mpelekee nyanya yake. Haraka, na urudi uoshe mikono." Senge aliifunga kwenye ncha ya leso yake, na tangu dakika hiyo alimwita Sista "mama" ingawa alimzidi umri.

Daktari alimuuliza Nekesa maji yalipasuka lini. Ndipo akasema. Jumatatu asubuhi, kwenye karo. Alikuwa ameogopa kwamba akiwaambia watamsimamisha kazi, na mwenye kazi ya kibarua akisimamishwa siku moja anakuta mtu mwingine kwenye karo lake. Daktari akaeleza kwamba maji yakipasuka na mtoto akakawia ndani, mlango umebaki wazi, viini vinaweza kupanda, na mama asipomwambia mkunga, mtoto hapewi ulinzi mapema. "Inaweza kuwa hiyo. Inaweza kuwa kitu kingine. Sasa tunatibu." Nekesa alianza kulia. Nami nikasema niliona sketi. Sista alituangalia wote wawili. "Mtagawana lawama baadaye. Sahii mmoja anikamulie maziwa kwa kikombe, mwingine atoke kwa mlango."

Zilikuwa siku za kusubiri. Sindano za dawa mbili kwa saa zake, mrija mwembamba puani kwa ajili ya maziwa, hewa ya oksijeni ikichemka kwenye chupa. Senge hakuruhusiwa kuingia zaidi ya mara moja kwa siku, na kwa mara hiyo moja alivua bangili aliyosema hajaivua tangu aolewe, akasugua mikono mpaka Sista akamwambia inatosha. Muda uliobaki alikaa benchi la nje, na mimi nikawa macho yake. Nilitoka na ndoo kila nilipoweza.

"Amefanya nini?"

"Amekunja mguu."

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Mama alikuwa anaumwa huo." Na alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea barua.

Nimewahi kuulizwa kama niliwacheka kwa yale majina. Sikuwahi. Nimeshuhudia watu waliosoma sana wakisikia wanachotaka kusikia, na mimi mwenyewe niliambiwa sketi imelowa sabuni nikaridhika. Senge alikosea kwa sababu alimpenda mama yake, na alipoona amekosea alichukua muda mfupi zaidi kukiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Jioni ya siku ya tatu aliniuliza, akitazama vidole vyake, kama sasa jina litolewe. Nikamwambia sijui, mimi ni wa deki. Akafikiri. "Jina halikukosa. Sisi tulisikiliza robo." Akaliacha.

Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa koridoni na tambara langu, wauguzi wakiwa na chai. "Nani amebadilika?" akauliza Sista.

"Huyo wa Nekesa," akasema muuguzi wa usiku, akipiga mwayo. "Tangu saa kumi na moja analia tu. Anataka ziwa, anang'oa mrija, ametuamshia chumba kizima. Amenikera, wacha nikwambie."

Niliacha ndoo katikati ya korido, jambo ambalo mtu wa usafi hafanyi, nikakimbia mpaka benchini. Senge alisinzia amekaa. Nilimshika bega. "Amegombana na watu wa usiku," nikamwambia. Alinitazama, kisha akapiga kigelegele kilichomfanya mlinzi wa geti aje mbio na rungu.

Dawa zilikwenda siku kumi na nne. Siku ya kutoka, Senge alitangaza kwamba hawarudi kwenye chumba chenye ng'ombe nyuma ya kichwa. Nekesa na mtoto watakaa kwake mpaka Wafula apate mahali pazuri zaidi. Mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mfuko wangu. Wafula alikuwa njiani, chumba kilikuwa chao, na miguu ilikuwa imeanza. Nilikubali tu kuwasindikiza nikibeba beseni. Tulivuka Kawangware, tukashuka bondeni, tukapanda upande wa pili kwa njia ya mkato, Namalwa akilalamika njia yote ndani ya shuka na Senge akimjibu kila neno.

Nyumba yake Kangemi ilikuwa vyumba viwili vya mawe nyuma ya kinyozi. Sikuwa nimewahi kufika. Nikaweka beseni mlangoni nikaaga.

"Unaenda wapi?"

"Nitajua nikifika."

"Kuja hapa." Alikuwa amevuta godoro jembamba kutoka juu ya kabati, akalitupa sakafuni kati ya ukuta na kitanda cha Nekesa, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa. "Mimi nikilala ni kama nimekufa. Huyu amechoka. Wewe hulali, unauliza tu. Utalala hapo."

Jirani aliyekuja kuona mtoto alisimama kizingitini akiniangalia. "Na huyu ni wa kwenu?"

Senge alikuwa anamimina chai, hakuinua kichwa. "Huyu alinikatalia mama yangu," akasema, "ndio nikampata akiwa hai." Akanipa kikombe cha kwanza, kabla ya mgeni.

Nikakaa juu ya godoro, nikavua viatu, nikauliza choo kiko upande gani.